Gurudumu Jepesi

Endagikot, Mbulu
9 Machi 1987

Mdogo wangu Verediana,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na Angela mkiwa na afya, na kama mna mafua basi yawe yale ya kawaida ya vumbi la ngano. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza vizuri, maharage yameshika, ng'ombe wa Efrazia amezaa ndama jike. Mguu wa wifi yako bado unamsumbua asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakutazama kama umemtukana.

Sasa kaa chini. Umekaa? Nimenunua gari.

Ndiyo, mimi Severine, niliyekuwa nabeba viazi kwa punda mpaka punda wenyewe wakawa wananikimbia wakiniona na gunia. Ni Landrova ndefu ya petroli, rangi ya bluu, nimeichukua kwa mfanyabiashara mmoja wa Babati. Si mpya. Usiniulize ni ya mwaka gani, maana hata aliyeniuzia alitazama juu nilipomuuliza. Lakini injini inalia vizuri na viti bado vina sponji. Siku niliyoingia nayo watu walitoka mpaka mashambani. Katekista akainyunyizia maji ya baraka, yaliyobaki akammwagia Efrazia mguuni.

Tatizo ni moja tu: inakunywa. Naijaza Mbulu mjini, naenda Dongobesh na viazi, kabla sijarudi mshale umelala. Wenye magari wenzangu wananiambia hivyo sivyo. Tena kuna jambo dogo, ukikanyaga breki inavuta kulia kama ng'ombe aliyeona shamba la mtu.

Huyo bwana Lukasi, fundi mkuu wa gereji yenu, si ndiye anayetaka kukuoa? Basi mwambie sisi ndugu zako hatutaki blanketi wala asali kwanza. Aanze kwa kuitibu Landrova. Akiiponya, habari za mahari tutaongea huku tunacheka.

Ni mimi kaka yako, sasa mwenye gari,
Severine


Shamba la Ngano, Hanang
30 Machi 1987

Kaka yangu Severine,

Shikamoo. Na wifi Efrazia mpe shikamoo yake, mwambie mguu huo auloweke kwenye maji ya moto yenye chumvi na aache ubishi. Mimi na Angela wazima. Angela amepanda darasa la tatu na sasa anajifanya anajua kila kitu. Huku matrekta yanapanda kutwa nzima, na sisi wa kantini tunapika ugali wa kulisha kikosi kizima.

Gari! Nilisoma mstari ule mara tatu nikidhani macho yamenidanganya. Kaka, wewe uliyekuwa unaogopa baiskeli? Haya, hongera sana. Nimecheka mpaka wenzangu jikoni wakaja kuuliza.

Lukasi naye alicheka. Jioni alikaa na chai yake akaniambia niandike. Anasema anza na bakuli la kuchujia hewa pale kwenye injini. Lifungue, lioshe kwa mafuta ya taa, umwage oili chafu na kutia safi mpaka kwenye alama, usizidishe. Injini ikikosa hewa inajilipa kwa petroli. Plagi uzitoe uzikwangue zile nyeusi. Matairi yajae upepo sawasawa, tairi legevu ni kama mtu anayetembea na viatu vya mvua. Choki uivute asubuhi tu injini ikiwa baridi, halafu uirudishe mpaka ndani. Na juu ya gari usibebe mizigo isiyo na kazi. Mimi nikaongeza la kwangu: usiliache linanguruma nje ya kilabu ili watu walione.

Lile la kuvuta kulia hakulijibu, nafikiri alisahau. Badala yake aliniuliza mambo ya ajabu. Eti chini ya hiyo bluu kuna rangi gani? Paa limenyooka au limegongwagongwa? Mimi nitajuaje? Nakuuliza wewe.

Harusi tumesema iwe Oktoba, ngano ikishavunwa. Lakini kaka, siwezi kuolewa kabla sijakwenda Mogitu kwa Mama Fransiska. Ndiye aliyemzaa Gervasi, na mimi bado ni mke wa mtoto wake mpaka aniruhusu kwa mdomo wake. Naogopa kwenda. Tangu ajali ile ya mavuno ya mwaka themanini na nne, tangu waandike kwenye taarifa kwamba Gervasi alikufa kwa kupindua gari kwa ulevi, mama yule hakai tena na wenzake kwenye jumuiya. Anasali nyuma kabisa, karibu na mlango, na kutoka anatoka wa kwanza. Mjukuu gani amepewa jina la Gervasi? Hakuna. Na mimi niliyekuwa mke wake, niliyejua ameacha pombe tangu Angela azaliwe, waliposema ulevi nilijiuliza tu kama nilikuwa nadanganywa.

Tuyaache hayo. Niandikie kama gari limepona.

Mdogo wako,
Verediana


Endagikot
27 Aprili 1987

Mdogo wangu,

Salamu nyingi zitokazo kwenye matope. Barabara ya Babati imekatika mara mbili mwezi huu, ndiyo maana barua yako imefika imelowa kona zote. Tunamshukuru Mungu tuko wazima. Ndama anakua. Efrazia ameloweka mguu, umepata nafuu, lakini anasema ni maji ya baraka.

Mwambie Lukasi ni mganga! Lile bakuli la hewa nilipolifungua nilikuta tope zito, na ndani ya tope makapi. Makapi ya ngano, dada, tele. Nikajiuliza huyo mtu wa Babati alikuwa anapura ngano ndani ya injini?

Habari ya choki ni aibu, lakini nitakuambia kwa sababu uko mbali. Kile kitufe cha kuvuta, mimi nilidhani kimewekwa cha kutundikia vitu. Efrazia akawa anatundika kikapu chake hapo kila tukienda sokoni. Kwa hiyo kikapu kikijaa vitunguu, choki inavutika yote, na gari linakunywa kama limetoka jangwani. Tumehamisha kikapu. Petroli imepungua kunywewa, nisiseme uongo.

Lakini bado! Jana nilisimama kwenye mteremko wa pale kanisani nikaachia breki, Landrova ikakaa kama imepigwa misumari. Vijana sita wa kwaya wakaisukuma, ikasogea kwa shida. Nikienda mwendo mrefu magurudumu yanakuwa ya moto, nasikia na harufu ya kuungua. Na ile kuvuta kulia iko palepale, matairi nimejaza sawa pande zote. Muulize fundi wetu.

Paa liligongwagongwa, ndiyo, unahisi mabonde ukipitisha kiganja. Na chini ya bluu kuna kijani. Kwa nini anauliza?

Kaka yako,
Severine


Shamba la Ngano, Hanang
18 Mei 1987

Kaka Severine,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ngano imeota mpaka macho yanachoka kuitazama. Angela alikuwa na homa, imepita.

Kikapu cha wifi nimekisimulia kantini nzima, unisamehe. Wapishi walilia machozi.

Lakini Lukasi hakucheka. Nilimsomea barua yako wakati anakula. Nilipofika kwenye rangi ya kijani akaweka tonge chini. Nikamsomea habari ya magurudumu ya moto, akasema ni kawaida ya Landrova. Nikamuuliza, na kuvuta kulia? Akasema, "Mwambie kaka asifungue magurudumu. Asiguse breki kabisa. Aliuze hilo gari." Hivyohivyo. Eti yeye mwenyewe atakutafutia mteja, uliuze kabla ya mavuno. Halafu akaondoka ameacha nusu ya chakula, na wewe hujui jinsi mtu yule anavyopenda kula.

Kesho yake akarudi kuniambia jambo lingine: usishuke nalo ule mteremko mkali wa ukuta wa Dareda. Nikamuuliza kwa nini. Akasema barabara ni mbaya. Barabara ya Dareda ilikuwa mbaya tangu tukiwa wadogo, nani hajui?

Mimi nafikiri anaogopa tukimzoea atageuka fundi wa bure wa ukoo mzima. Wanaume! Lakini kaka, kama fundi anasema uza, si uuze tu? Sipendi usafiri na watoto kwenye kitu kinachoungua.

Mdogo wako,
Verediana


Endagikot
14 Juni 1987

Verediana,

Barua imefika. Tuko wazima. Viazi vimekomaa.

Gari lipo, sijaliuza. Nina swali moja. Lile alilokuwa anaendesha marehemu shemeji pale shambani, lilikuwa na namba gani mlangoni?

Usimuulize Lukasi. Nijibu wewe.

Severine


Shamba la Ngano, Hanang
27 Juni 1987

Kaka,

Shikamoo. Barua gani hii? Hata telegramu ina maneno zaidi. Hujamsalimia Angela, hujaniambia mguu wa wifi, unanitupia swali kama askari wa barabarani. Nimekosa nini?

Ilikuwa namba kumi na nne. Kijani, na namba imeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mlango wa dereva. Gervasi alikuwa anaifuta kila asubuhi kwa kitambaa kabla hajafuta uso wake. Baada ya ajali walituambia imekatwakatwa ikawa vyuma chakavu. Sikuwahi kuiona tena na sikutaka.

Kwa nini unauliza? Kaka, tangu juzi nikipika mkono unasahau chumvi. Unanificha nini? Kama ni neno baya liseme. Mimi ni mjane, sivunjiki kwa neno.

Lukasi ananiuliza kila siku kama umeuza. Sijamwambia kitu.

Verediana


Endagikot
12 Julai 1987

Mdogo wangu Verediana,

Mpe Angela salamu za mjomba. Efrazia amekaa hapa karibu nami, anasema nikuandikie yote nisipunguze, na anakuombea. Kaa na mtu wa kike karibu unaposoma.

Mwezi uliopita nilikuwa nakwangua kutu kwenye mlango wa dereva nipake rangi. Bluu ikatoka, kijani ikatoka, na katikati ya kijani nikaona nyeupe. Nikaendelea kukwangua. Ikaja moja, ikaja nne. Nilikaa chini kwenye majani, Verediana. Mke wangu alidhani nimeanguka. Ndiyo maana nilikuuliza, nilikuwa naomba Mungu unitajie namba nyingine yoyote. Ndiyo hiyo. Watoto wangu wamekuwa wakienda kanisani ndani ya gari alilofia baba yake Angela, na mimi nikapigiwa makofi.

Nilitaka kulichoma. Lakini lile neno la Lukasi la kutofungua magurudumu lilikuwa linanikereketa. Kwa nini fundi akukataze kutazama? Nikalinyanyua kwa jeki, gurudumu moja moja. Nyuma yote mawili mazito, hayageuki mpaka usukume kwa mguu. La mbele kulia vilevile. La mbele kushoto nililigusa kwa kidole likazunguka lenyewe, likazunguka, likazunguka. Nikaingia chini. Bomba la breki linalokwenda kwenye gurudumu hilo limekunjwa, limepondwa kwa nyundo, likafungwa na waya.

Nikamleta fundi kutoka Mbulu mjini. Alitazama akaguna. Anasema mafundi hufanya hivyo bomba likitoboka na spea hakuna: unaliziba ili mafuta ya breki yasimwagike, unabaki na breki tatu. Halafu hizo tatu zinakazwa sana ili pedali isizame, ndiyo maana zinashika muda wote hata usipokanyaga. Injini inavuta gari lililofungwa breki. Hapo ndipo petroli yangu ilikokuwa inakwenda. Na upande wa kulia unashika peke yake mbele, ndiyo maana linavuta kulia. Akaniambia kazi hiyo si ya juzi. Kwenye mkunjo kuna vumbi lililoshikana na makapi, chini ya rangi ya bluu. Aliyepaka bluu alipaka juu yake tu.

Nakumbuka siku ya msiba tulipopelekwa pale kwenye mteremko wa Mogitu. Korongo lile gari lilimotumbukia liko upande gani ukishuka? Liko kulia.

Shemeji hakulewa, Verediana. Alikanyaga breki.

Sasa nakuuliza jambo. Pale shambani mwaka ule, namba kumi na nne ilikuwa inatengenezwa na nani? Mimi jina silitaji. Sikuwapo. Wewe ulikuwapo.

Kaka yako,
Severine


Shamba la Ngano, Hanang
2 Agosti 1987

Kaka yangu,

Shikamoo. Angela mzima. Mimi sijui niandike nini juu yangu. Natembea, napika.

Barua yako niliisoma nimesimama ghalani, nikakaa juu ya gunia la unga. Sikulia. Nilikuwa natazama mikono yangu naiona kama ya mtu mwingine. Mungu wangu! Huyu mtu nimempakulia chakula miaka yote hii. Amembeba Angela mabegani. Amekaa kwenye kiti cha Gervasi, nimemkaribisha mimi mwenyewe!

Jioni Lukasi alikuja. Kombaini zinafanya kazi mpaka giza, alikuwa mweupe kwa vumbi. Nikamwekea ugali mbele yake, nikamwambia, "Kaka amefungua magurudumu."

Hakuniuliza gari gani. Hakuniuliza magurudumu gani. Alinawa mikono tena, ambayo alikwisha kunawa.

Amesema yote, kaka. Bomba lilitoboka katikati ya mavuno, spea hakuna hapa wala Arusha, na wakubwa walitaka gari litoke asubuhi. Akalikunja iwe kwa siku moja. Siku moja ikapita, gari likaendelea kwenda. Anasema Gervasi alijua, eti yeye mwenyewe alimwonya. Labda. Marehemu hawezi kubisha. Walipokuja kuandika taarifa walimuuliza kama gari lilikuwa zima, akasema zima. Neno la ulevi lilitoka kwa mwingine. Yeye aliliacha likapita, kwa sababu likipita hilo hakuna atakayeuliza tena habari ya breki.

Nikamwambia, "Halafu ukaja kunichumbia?"

Akasema, "Nilitaka nikutunze."

Kaka, nilichukua ule ugali nikamwaga nje mbele ya kuku. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Kunitunza! Mimi nimelala miaka mitatu nikimkasirikia mume wangu kaburini kwa pombe ambayo hakuinywa!

Hakukimbia. Alikaa palepale analia. Nikamwambia kuolewa hakuna, lakini deni lake la kwanza si kwangu. Aende Mogitu akaseme mbele ya Mama Fransiska na jumuiya yote, Jumapili ya tarehe kumi na sita baada ya misa. Amekubali. Nimemwambia pia aandike kwa wakubwa, amekubali.

Nakuomba jambo moja. Njoo umchukue hapa shambani na gari hilohilo, asipate kisingizio cha usafiri. Lile bomba usilitupe, liletwe alione mama. Mimi nitatangulia na Angela kwa basi, nikae na mama asije akapata habari hii peke yake.

Mdogo wako,
Verediana


Mogitu
20 Agosti 1987

Kaka Severine,

Shikamoo, na pole na safari. Natumaini ulifika salama na Efrazia umemkuta vizuri. Ulivyoondoka harakaharaka hukunywa hata chai, mama alisikitika.

Bado niko hapa kwa mama. Hataki niondoke. Jana alikwenda kwenye jumuiya kwa mara ya kwanza, akakaa mbele, katikati ya wanawake, na lile bomba amelifunga kwenye kanga anakwenda nalo kila mahali. Anawaonyesha watu. "Tazama, mwanangu hakulewa." Binti wa shangazi yake Gervasi amejifungua mtoto wa kiume Jumanne, na mama ametuma watu aitwe Gervasi. Hapo ndipo nililia, kaka. Nililia mpaka nikalala.

Nataka nikuulize kitu, na usinikaripie.

Siku ile sisi tulikuwa nje ya kanisa tunatazama mteremko. Tuliona gari limesimama kule juu, palepale alipofia Gervasi. Tukaona mtu anashuka. Tukamwona Lukasi anakuja kwa miguu, peke yake, kichwa wazi kwenye jua, na wewe ukishuka na gari nyuma yake taratibu. Mama alinishika mkono akasema, "Huyu anatembea njia ya mwanangu." Alipofika amejaa vumbi mpaka kope, akapiga magoti, akasema yote bila kujitetea. Mama alikuwa ameapa kwamba hatampa hata salamu, lakini kwa sababu ya kutembea kule akampa maji ya kunywa. Wazee wanasema hawajawahi kuona toba ya namna hiyo.

Amenitumia ujumbe. Anasema hadai kitu, atangoja hata miaka. Mama naye ameniambia mtu anayeweza kujishusha hivyo hajapotea kabisa, na kwamba nikitaka yeye hatanizuia. Mimi moyo wangu ulikuwa jiwe, kaka, lakini kila nikifumba macho namwona anashuka mteremko ule kwa miguu. Nimeanza kulegea. Je, ni ujinga? Wewe ulikuwa naye njiani. Niambie ulivyomwona.

Mdogo wako,
Verediana


Endagikot
4 Septemba 1987

Mdogo wangu Verediana,

Tumsifu Yesu Kristo. Tumefurahi mno kusikia habari za mtoto Gervasi. Efrazia anamfumia sweta, na mguu umepona kwa kufurahi. Mama Fransiska mpe shikamoo yangu, mwambie sikukataa chai yake kwa dharau. Niliogopa kukaa akaniuliza habari za njiani.

Barua yako nimekaa nayo siku kadhaa. Nilikwisha kuamua kwamba hili nitakufa nalo, kwa ajili ya mama na yale maji aliyompa. Lakini umeniuliza, na umeniuliza kwa sababu unataka kumrudia.

Kwanza ujue kwamba breki nilikuwa nimetengeneza. Fundi wa Mbulu aliweka bomba jipya wiki nzima kabla sijaja, magurudumu yote manne yakalegezwa yakakazwa upya sawasawa, nikajaribu kwenye mteremko wa kanisani kwetu mpaka nikachoka. Sasa hata petroli inakaa, ningekuwa na moyo ningefurahi. Nilimleta Lukasi kutoka shambani kwa mwendo mdogo, njia tambarare, sikuwa na sababu ya kukanyaga breki.

Tulipofika juu ya mteremko wa Mogitu akasema, "Shemeji, simama kidogo." Nikasimama. Nilidhani anataka kusali. Akatazama chini, akalitazama korongo, kisha akaniuliza, "Lile gurudumu la kushoto umelitengeneza?"

Sijui nilipatwa na nini, Verediana. Sikupanga. Nilimtazama usoni nikamwambia, "Bado. Liko vilevile."

Akafungua mlango akashuka.

Nilingoja aseme tuliache gari hapo juu tushuke wote. Nilingoja aniambie nishuke. Alizunguka akaja upande wangu, akaweka mkono dirishani, akaniambia, "Basi wewe shuka nalo polepole." Halafu akaanza kutembea, pembeni kabisa mwa barabara, upande wa kushoto, mbali na korongo.

Hivyo ndivyo nilivyomwona.

Kaka yako,
Severine